Canon AE-1 ya marehemu mjomba inakohoa, na picha za mchana zinatoka na ukanda mweusi: ni shata, ni kioo au ni kitu kingine?

#1 Mrithi wa Temeke

Wakuu, habari za jioni. Mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi alipiga picha za harusi Temeke na Mbagala, ametangulia mbele ya haki na ameniachia kamera aina ya Canon AE-1 yenye lenzi ya milimita 50. Ilikaa juu ya kabati, ndani ya mkoba wake wa ngozi, kwa zaidi ya miaka 15 bila kuguswa. Nimenunua betri mpya ya volti 6, nikaweka mkanda wa picha 36, na Jumamosi iliyopita nikavuka na kivuko kwenda Kigamboni, kisha nikarudi na kuzunguka soko la samaki la Feri.

Mkanda umesafishwa. Picha 25 ni nzuri kuliko nilivyotarajia, lakini 11 zina ukanda mweusi, na zote 11 nilizipiga juani kati ya saa 5 na saa 8 mchana. Nilizopiga jioni na ndani ya nyumba hazina kasoro yoyote. Jambo la pili ni kwamba kila ninapobonyeza, kamera inatoa sauti nyembamba ya kukwaruza, mfano wa mtu mwenye pumu anapovuta pumzi.

Fundi mmoja mjini aliishika kwa dakika mbili, akanirudishia na kuniambia kwamba shata, yaani mapazia yanayofunguka na kufunga ili mwanga ufike kwenye mkanda, imekufa, nikatafute kamera nyingine. Nimeumia, kwa sababu kamera hii ndiyo iliyopiga picha za harusi ya mama yangu. Naomba mwenye ujuzi anieleze: kukohoa huku na ukanda huu mweusi vina chanzo kimoja, au ni magonjwa mawili tofauti?

#2 Kijana wa Sinza

Pole kwa msiba, mkuu. Mimi naona hiyo ni flashi. AE-1 inapatana na flashi hadi kasi ya 1/60 tu, yaani sehemu ya 60 ya sekunde. Ukizidisha hapo, flashi inawaka wakati mapazia ya shata hayajafunguka yote, na sehemu ya picha inabaki nyeusi.

#3 Fundi Saa wa Msimbazi

Ndugu wa #2, ulichosema kuhusu 1/60 ni sahihi, lakini mleta uzi amesema picha zilizoharibika alizipiga juani saa sita mchana. Sidhani kama kuna mtu anayewasha flashi kwenye jua la Feri.

Mrithi, kabla hatujaandika mengi, nenda kwenye negativu zenyewe na uache picha ulizotumiwa kwenye simu. Skana inaweza kukata pembeni au kuongeza giza lisilokuwepo. Zishike negativu dirishani, kisha utujibu maswali mawili. La kwanza, pale ambapo picha ina weusi, je, negativu ni tupu kama kioo? La pili, ukanda huo uko upande mfupi wa picha au upande mrefu? Swali la pili lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana.

#4 Mama Studio Tabata

Mwanangu, pole sana. Mimi nimefanya kazi ya studio tangu enzi za picha nne za pasipoti, na ninakuambia uanze na sponji zinazozuia mwanga usipenye mlangoni. Fungua mgongo wa kamera, upitishe kidole kwenye mfereji ambamo mlango unakaa, halafu kwenye upande wa bawaba. Kwenye Pentax K1000 yangu kidole kilitoka na kitu cheusi kinachonata kama lami ya barabara inayoyeyuka, na nilikisugua kwa sabuni mara tatu ndipo kikatoka. Sponji zile zilizeeka kwa unyevu wa Dar, mwanga ukawa unapenya, na picha zangu zote za juani zikawa na mistari. Za ndani zilikuwa salama, kama zako hivyo hivyo.

#5 Kijana wa Sinza

Shikamoo mama. Naomba nisahihishe kidogo kwa heshima. Mwanga ukivuja unaunguza negativu, kwa hiyo negativu inakuwa nyeusi na picha inatoka na mstari mweupe au wa rangi ya chungwa. Mleta uzi ana ukanda mweusi kwenye picha, yaani hapo mwanga haukufika kabisa. Ni kinyume cha kuvuja.

#6 Mama Studio Tabata

Marahaba. Umesema kweli, na mistari yangu ilikuwa ya chungwa. Hata hivyo sponji azitazame, kwa sababu kamera iliyolala miaka 15 haiwezi kuwa nazo nzima. Azifute kwa kijiti cha meno na pamba yenye spiriti kidogo, na achunge zisidondokee kwenye mapazia. Mimi niliweka uzi mweusi wa sufu kwenye mfereji, na kitambaa laini cheusi kwenye bawaba, na hadi leo mwanga haujapita.

#7 Mrithi wa Temeke

Nashukuru wote. Nimeshika negativu dirishani kama Fundi Saa alivyoelekeza. Pale penye ukanda, negativu ni tupu kabisa. Kwenye picha 8 ukanda uko upande mfupi, na daima ni upande ule ule. Kwenye picha 3 uko upande mrefu, chini ya picha, na ukingo wake umefifia. Sponji za mlango zinanata kama mama alivyosema.

#8 Fundi Saa wa Msimbazi

Sasa tunaanza kupata picha ya ugonjwa, na kwa maoni yangu ni magonjwa mawili.

Shata ya AE-1 ni mapazia mawili ya kitambaa yanayokwenda kwa ulalo, kutoka upande mfupi mmoja hadi mwingine. Kwenye kasi ya 1/60 pazia la kwanza linafika mwisho, fremu yote inakuwa wazi, ndipo la pili linafuata. Kwenye 1/500 na 1/1000 hakuna wakati ambapo fremu yote iko wazi. Pazia la pili linaondoka mapema na kulifuata la kwanza kwa karibu, na mwanga unapita katika upenyo mwembamba unaotembea kati yao. Sasa chukulia kwamba pazia la kwanza limekuwa zito kwa sababu grisi ya miaka 40 imeganda kwenye mihimili yake. La pili linakimbia kama kawaida, linalikaribia la kwanza njiani, upenyo unazidi kuwa mwembamba, na mwishoni unazibika. Sehemu ya mwisho ya fremu haipati mwanga. Ndiyo maana ni upande mfupi, ni upande ule ule, na ni mchana tu, kwa sababu mchana ndipo ulipotumia kasi kubwa.

Picha 3 za upande mrefu ni jambo jingine. Kioo kinachorusha taswira juu kwenye kitundu cha kuchungulia kimefungwa kwa juu, na kinapoinuka ncha yake ya chini ndiyo inayosafiri. Taswira ndani ya kamera imepinduka, juu chini. Kikichelewa kuinuka kinaziba sehemu ya juu ya fremu, ambayo kwenye picha ni chini. Na kioo kinachochelewa ndicho kinachokohoa: pembeni ya chumba cha kioo kuna gurudumu dogo la kupunguza mwendo wake, na likikauka mafuta linalia. Sauti hiyo inajulikana kwa ndugu zake wote wa familia hiyo, A-1 ya mwaka 1978 na AE-1 Program ya mwaka 1981 zikiwemo.

#9 Zenit Mkongwe, Ilala

Nimesoma kwa makini. Mimi ni mtu wa Zenit-E, ambayo haijui betri. Hata kipima mwanga chake ni cha seleni na kinajiendesha kwa mwanga wenyewe. Nami nilipata ukanda kama huo kwenye 1/500. Fundi wa kwanza alikaza springi ya pazia na picha zikawa safi kwa mwezi mmoja hivi, kisha ukanda ukarudi ukiwa mpana zaidi. Fundi wa pili alifungua, akakuta uchafu umeganda kwenye mihimili, akausafisha, akairudisha springi kwenye mvutano wake wa mwanzo, na haijasumbua tena. Kwa hiyo Mrithi, mtu akikuambia "tukaze springi", mwombe kwanza asafishe. Kukaza ni kumchapa punda mgonjwa.

Ila usisahau pia kwamba kitambaa chenyewe kina mpira juu yake, na mpira huo hukakamaa kwa umri. Pazia lililokakamaa ni zito hata kama mihimili ni safi.

#10 Mpiga Harusi Mstaafu

Mzee wa Ilala, kila uzi wa kamera lazima Zenit ipite! Tunakupenda hivyo hivyo.

Kwa Mrithi: kukohoa hakuna haja ya kuhangaika nako. A-1 yangu ilikohoa hadi wageni wa harusi wakawa wanageuka kunitazama. Nilifungua bamba la chini, nikapenyeza tone moja la mafuta mepesi kwa sindano ndefu hadi kwenye gia za kioo, nikabonyeza kama mara 20, na sauti ikaisha siku hiyo hiyo. Ni mwaka wa sita sasa.

#11 Lenzi ya Kigamboni

Mkuu wa #10, nafurahi kwamba yako ilipona, lakini ushauri huo ukichukuliwa na mtu asiyejua mahali pa kulenga ni hatari. Rafiki yangu alipeleka AE-1 yake kwa mtu anayetengeneza redio, akamwekea mafuta kwa kukisia. Kukohoa kuliisha. Baada ya miezi mitatu picha zake zote zilianza kutoka zimepauka, hasa kwenye kasi kubwa. Ilipofunguliwa, mafuta yalikuwa yametambaa hadi kwenye sumaku inayoshikilia pazia la pili. Sumaku yenye mafuta inachelewa kuachia, pazia linachelewa kufunga, na mwanga unaingia kupita kiasi. Kuitengeneza kuligharimu zaidi ya bei aliyonunulia kamera.

Na sikubaliani kabisa na maelezo ya kioo ya #8. Kwenye kamera nyingi za aina hii, kioo kikishafika juu ndicho kinachoruhusu pazia la kwanza liondoke. Kama kioo kinachelewa, shata nayo inakisubiri. Utasikia "klaa" imekawia, ila picha haipaswi kuzibwa.

#12 Fundi Saa wa Msimbazi

Hoja ya #11 kuhusu kusubiri ni nzuri na sitaipuuza. Lakini kioo kinaweza kufika juu, kikagonga, kikarudi chini kidogo huku shata ikiendelea na kazi. Kinachokizuia kurudi ni kipande cha sponji kilichopo juu, kinapopumzikia. Mrithi ametuambia kwamba sponji za mlango zimekuwa lami, na ile ya kioo ni rika moja nazo. Hapo Mama Studio anaweza kuwa amegusa jambo kuliko tulivyodhani.

Kuhusu mafuta, mimi kazi yangu ni saa, na ninaapa kwamba mafuta mengi yameua mitambo mingi kuliko ukavu. Mafuta ya cherehani yasikaribie kamera, wala dawa ya kupuliza ya kulegeza nati zenye kutu. Ni mafuta ya saa, na ni kiasi kinachobaki kwenye ncha ya sindano. Kama hujawahi kufungua kitu kidogo kuliko pasi, usianzie hapa. Halafu skrubu za kamera za Kijapani zinafanana na zile za msalaba tulizozoea, lakini umbo lake linatofautiana kidogo, na bisibisi ya kawaida inazila vichwa.

#13 Dada Negativu

Samahani kwa kuchelewa. Je, tumeangalia betri? Kamera za zamani zilitumia betri za zebaki za volti 1.35, na hazitengenezwi tena. Ukiweka ya volti 1.5 kipima mwanga kinadanganya, na picha zinakuwa na giza. Canonet yangu ya QL17 ilinitesa hivyo kwa mikanda miwili, hadi nilipoanza kutumia betri za vifaa vya kusaidia kusikia, ambazo zina volti karibu 1.4.

#14 Kijana wa Sinza

Dada, kwa Canonet na Olympus OM-1 hilo ni kweli tupu. AE-1 ni ya mwaka 1976 na ilitengenezwa kwa betri ya volti 6 ambayo bado inauzwa, na mtu akiikosa anaweza kupanga betri nne ndogo za saa aina ya LR44. Halafu kipima mwanga kikidanganya, giza linaenea picha nzima. Haliwezi kuchagua upande mmoja.

Niongeze kwamba AE-1 betri ikiisha haipigi hata picha moja, kwa hiyo anayenunua kamera mtaani aende na betri yake mfukoni. Yashica Electro 35 bila betri inapiga kwa 1/500 tu, na K1000 inapiga kasi zote kwa sababu betri yake ni ya kipima mwanga peke yake. Muuzaji akisema "ni betri tu", inaweza kuwa kweli na inaweza kuwa siyo. Mimi niliambiwa hivyo kuhusu Minolta X-700. Taa za ndani zilikuwa zinawaka, shata imekwama, mkono wa kuvutia mkanda hausogei. Ilikuwa kapasita moja ndogo chini ya bamba, ugonjwa wa kawaida wa kamera zile, na fundi wa simu aliibadilisha kwa saa moja.

#15 Mpiga Harusi Mstaafu

Kuna jambo mmelipita. Mrithi amesema kamera ilikuwa kwenye mkoba wa ngozi. Mikoba ile ina mfuniko wa mbele unaoning'inia chini ya lenzi. Picha 3 zenye giza chini, lenye ukingo uliofifia, zinaweza kuwa ni mfuniko uliopeperushwa na upepo wa kivukoni ukaingia kwenye picha. Mimi limenitokea baharini.

#16 Lenzi ya Kigamboni

Lakini AE-1 inaonesha kupitia lenzi ile ile inayopiga. Angeuona mfuniko kabla ya kubonyeza.

#17 Mpiga Harusi Mstaafu

Angeuona kama ungekuwa hapo kabla ya kubonyeza. Upepo hausubiri.

#18 Mama Studio Tabata

Mkoba huo wa ngozi autoe kabisa, kwa sababu nyingine. Ngozi inashika unyevu, na ukungu unazaliwa humo. Mrithi, washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma, uitazame kwa mbele. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, huo ni ukungu, na ukiachwa unakula tabaka la juu la kioo hadi hata fundi akisafisha alama inabaki. Tangu masika moja iliponiharibia lenzi mbili, zangu ziko kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Watu wanaweka mchele. Mchele unaleta vumbi na wadudu, na unyevu wenyewe hauunyonyi kwa kiasi cha kutosha.

#19 Zenit Mkongwe, Ilala

Mama amesema vyema. Sasa turudi kwenye shata. Mrithi, una televisheni ya kichogo nyumbani? Toa lenzi, fungua mgongo bila mkanda, weka kasi 1/1000, elekeza kamera kwenye skrini inayowaka, tazama kwa nyuma na ubonyeze. Kwa kuwa mapazia yanakwenda kwa ulalo na skrini inachorwa kutoka juu kwenda chini, utaona mstari wa mwanga uliolala mshazari. Ukiwa na unene ule ule mwanzo hadi mwisho, mapazia ni mazima. Ukianza mnene na kuishia mwembamba kama mkia wa mjusi, Fundi Saa ameshinda. Televisheni bapa za siku hizi hazifai kwa jaribio hili.

#20 Mrithi wa Temeke

Kichogo sina, ila nimejaribu kwa ukuta mweupe wenye jua. Leo asubuhi, kamera ikiwa imelala usiku kucha, nilibonyeza kwa 1/1000. Mara tatu za kwanza niliona giza upande mmoja waziwazi. Mara ya nne likapungua. Baada ya kama mara 30 sikuliona tena. Kwa 1/250 halikuonekana hata mara moja. Sponji ya juu ya kioo nimeigusa kwa kijiti, ikadondoka yote kama masizi. Kukohoa kuko pale pale, hakujapungua wala kuongezeka.

Nikarudi kwenye negativu na kuhesabu. Picha 8 za upande mfupi zote ni zile nilizopiga baada ya kupumzika: ya kwanza na ya pili nilipofika kivukoni, kisha baada ya kula, kisha baada ya kukaa kwenye kivuli. Zile 3 za chini zilifuatana, na nilikuwa kwenye kivuko, upepo ukivuma, na mkoba ulikuwa umevaliwa.

#21 Mpiga Harusi Mstaafu

Mkoba.

#22 Fundi Saa wa Msimbazi

Sponji imedondoka kama masizi, na bado mnasema mkoba? Kwa upande mfupi nadhani sasa hakuna ubishi kwamba ni grisi iliyoganda, kwa sababu kitambaa kilichokakamaa hakiwezi kulainika kwa kubonyeza mara 30.

#23 Zenit Mkongwe, Ilala

Kinaweza. Hata mkanda wa suruali uliokakamaa unalainika ukiuvaa tangu asubuhi. Pazia likisha kujikunja na kukunjuka mara 30 linalegea, na kesho linakakamaa tena.

#24 Lenzi ya Kigamboni

Ushauri wangu kwa sasa: kabla ya kupiga picha yoyote juani, kabla hujaweka mkanda, ibonyeze kamera mara 30 au 40.

#25 Fundi Saa wa Msimbazi

Na gia za kioo zilizokauka zinasagika kila mara anapobonyeza. Mazoezi yanayolisaidia pazia yanaiumiza gia. Mimi ningeiweka chini hadi isafishwe.

#26 Mrithi wa Temeke

Nimewaelewa, na ninashukuru kwamba hakuna aliyesema nitafute nyingine. Sitatia mafuta. Mzee wa Ilala, kichogo chako bado kinawaka?

#27 Zenit Mkongwe, Ilala

Kinawaka. Njoo Jumapili baada ya saa 10 jioni, na uje na kamera ikiwa imelala tangu jana yake. Usiibonyeze hata mara moja njiani, ili tuione ikiwa na ugonjwa wake wote. Fundi Saa naye aje na bisibisi zake.

#28 Mpiga Harusi Mstaafu

Na mkoba uletwe.